Viatu vya Mtumba vya Kupandia Mlima: Jaribio la Siku Moja kwenye Vilima vya Ngong

Jozi ya viatu ninayoitathmini hapa ilinigharimu shilingi 2,800 katika soko moja la mitumba jijini Nairobi mwezi wa Desemba, na shilingi 450 zaidi kwa fundi aliyeshona soli kabla sijathubutu kuvivaa mbali na nyumbani. Ni viatu vya ngozi ya kahawia, vyenye shingo inayofunika kifundo cha mguu, soli ya mpira yenye meno marefu na utando wa ndani wa kuzuia maji. Jina la kampuni iliyovitengeneza limefutika hata zikabaki herufi mbili tu, nami sitalibahatisha. Ninaandika kuvihusu baada ya kuvivaa siku nzima, Jumamosi moja ya kiangazi cha Januari, nikitembea peke yangu kutoka mji wa Ngong, juu ya mgongo wa vilima, hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Kiatu cha mlima hakijulikani ubora wake sokoni, hata ukikizungushazungusha namna gani. Hujulikana katika saa ya nne ya safari, mteremkoni, wakati jua liko utosini.

Sidharau viatu vipya. Maduka ya jijini yana vizuri, ila bei yake huipita kodi ya chumba changu cha mwezi mzima, na mtu anayepanda mlima mara nne au tano kwa mwaka hana budi kujiuliza kama safari hizo zitarudisha fedha zake. Mitumba ndiyo njia ya wengi wetu. Ajuaye soko hufika mapema siku robota linapofunguliwa, ili apate zile ziitwazo kamera, yaani bidhaa bora ambazo mikono mingine haijazipekua. Anayefika mchana huambulia fagia, yaani masalio, na hapo bei hushuka pamoja na matumaini. Mimi nilifika saa moja asubuhi, nikavikuta viatu hivi vimefunganishwa kamba juu ya turubai, kati ya njumu za mpira na raba za watoto. Muuzaji aliniita ndugu mteja, akataja shilingi 4,500, nami nikakawia kumjibu kuliko alivyopenda, kwa sababu nilikuwa nimechuchumaa nikibonyeza soli kwa kidole gumba.

Kubonyeza huko kulikuwa na historia. Miaka mitatu iliyopita nilinunua jozi nyingine, nzuri kuliko hii kwa macho, ngozi yake ikimeremeta na meno ya soli yakiwa kama hayajawahi kugusa lami. Niliivaa kwa mara ya kwanza katika msitu wa Karura, na kabla sijamaliza kilomita mbili nikahisi mguu wa kulia ukizama kana kwamba nimekanyaga tope, ingawa njia ilikuwa kavu. Nilipotazama chini niliona unga wa kijivu ukimwagika na soli ya nje ikining'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Ya kushoto ilifuata muda si mrefu. Nilirudi nyumbani nimevifunga viatu kwa kamba za mfuko wangu wa mgongoni, na abiria mwenzangu kwenye matatu akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimepata ajali.

Tatizo hilo lina sababu ya kikemia, na yeyote anayenunua viatu vya mlima vilivyotumika anapaswa kuielewa. Kati ya mpira unaokanyaga ardhi na ngozi inayoshika mguu kuna tabaka la povu linalopunguza mshtuko wa hatua, ambalo nitaliita soli ya kati. Katika viatu vingi vya aina hii povu hilo ni poliyurethani, kitu chepesi, kinachonepa na kudumu, lakini chenye adui mmoja asiyeonekana: mvuke wa maji ulio hewani. Mvuke huo huikata taratibu minyororo ya molekuli zake, mwaka baada ya mwaka, mpaka povu lililokuwa na nguvu za kurudi likibonyezwa linageuka kuwa makombo kama ugali uliolala siku tatu. Uharibifu huu hausubiri kiatu kivaliwe. Kiatu kilichofungiwa kabatini miaka kumi, kikaletwa sokoni kikiwa na sura ya upya, huenda ndicho kilichokwisha kufa ndani, ilhali kile chenye kisigino kilicholika na mikunjo kwenye ngozi ni ushahidi kwamba mtu alikuwa akikitembelea siku za karibuni na hakikumwangusha. Hii ndiyo sababu siku hizi nikiona jozi ya mtumba inayong'aa kupita kiasi, mimi hupita.

Kuna povu la aina nyingine, EVA, ambalo halisagiki hivyo bali hubanwa polepole hadi likawa bapa na gumu. Hilo angalau hukuonya kwa maumivu ya nyayo kabla ya kukuacha njiani.

Nilivyovikagua viatu hivi ni hivi: nilibonyeza soli ya kati pande zote nikitafuta mahali panaponata au panapobaki na alama ya kidole, nikavikunja kwa nguvu nikiangalia kama mipasuko myembamba inajitokeza kwenye povu, kisha nikavigonga kisigino kwa kisigino na kutazama kama kuna unga unaodondoka. Viatu vingi huwa na lebo ndogo ndani ya ulimi inayoonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Hivi vilikuwa vimekatwa lebo, jambo lililonitia shaka na ambalo nililitumia kupunguza bei. Kisigino cha nje kilikuwa kimelika upande mmoja, dalili ya mmiliki wa zamani aliyetembea kweli. Chini ya soli palikuwa na alama ya njano yenye pembe nane ya Vibram, kampuni iliyoanzishwa na Mwitalia Vitale Bramani katika miaka ya 1930, aliyebuni soli ya mpira yenye meno kwa ajili ya wapanda milima. Alama hiyo inathibitisha ubora wa mpira tu. Haisemi lolote kuhusu povu lililo juu yake, na wauzaji wengi huionyesha kana kwamba ni cheti cha kiatu kizima. Tukapatana kwa 2,800.

Fundi wangu ni mzee mwenye kibanda kidogo karibu na kituo cha mabasi cha mtaani kwetu, na maoni yake kuhusu viatu vya mtumba ni makali kuliko yangu. Alivigeuza, akavinusa, akaniambia, "Kijana wangu, gundi ya hawa watu ni nzuri, lakini imezeeka kuliko wewe unavyofikiri." Alichofanya ni kukata mfereji mwembamba kuzunguka ukingo wa soli kwa kisu, akashona kwa uzi mzito wa nailoni akipitisha sindano katika mpira, povu na ukingo wa ngozi, uzi ukalala ndani ya mfereji ili usisagwe na mawe. Alinionya pia kwamba kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kwa hiyo kiatu kilichotengenezwa kisiingie maji sasa kinaweza kuingia, na nililikubali hilo kwa moyo mweupe, kwani mguu uliolowa hurudi nyumbani lakini soli iliyobaki nyuma hairudi.

Siku ya jaribio nilipanda matatu ya namba 111 kutoka katikati ya jiji kabla jua halijachomoza, nikashuka Ngong na kuanza kupanda kwa miguu kuelekea lango la msitu. Langoni niliulizia hali ya njia, na ushauri niliopewa ni ule ambao kila mzoefu wa vilima hivi huutoa: usitembee upande wa kusini bila watu walio karibu. Ndiyo maana nilichagua Jumamosi, ambapo makundi ya watembeaji ni mengi. Nilitembea peke yangu, ila nilihakikisha daima kuna kofia za watu mbele yangu au nyuma yangu, na asiyeweza kupata siku ya namna hiyo afadhali aandamane na askari wa misitu kuliko kujaribu bahati yake.

Sehemu ya kwanza haikuvipendelea viatu vyangu. Njia inapita chini ya mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo ya kampuni ya KenGen, ambayo ya kwanza ilijengwa mwaka 1993 na ambayo sasa kwa pamoja ina uwezo wa megawati 25.5, na ardhi ya hapo ni barabara ya magari, ngumu na ya kawaida. Nilikuwa nimevipima viatu kwenye mizani ya muuza nyama wa mtaani, vikawa kilo 1.3 kwa jozi, na juu ya barabara ile kila gramu ilijitangaza. Vijana waliovaa raba nyepesi walinipita wakicheka. Kama safari yako inaishia kwenye mitambo hiyo, kupiga picha na kurudi, basi usinunue viatu vya aina hii kabisa. Utabeba uzito usio na kazi.

Mambo yalibadilika mara mitambo ilipobaki nyuma. Ukiitazama Ngong kutoka Nairobi, vilele vyake huonekana kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, picha ambayo imezaa hadithi ya jitu lililoanguka na kuacha alama ya mkono wake ardhini. Kwa mtu aliye juu yake, kila kifundo ni mpando mpya na mteremko mpya, kwa hiyo kiatu hujaribiwa mara nyingi katika kilomita kati ya 10 na 12 za kwenda Kona Baridi. Kilele cha juu zaidi, Lamwia, kiko mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Vilima hivi ni mabaki ya volkano ya kale iliyokatwa na kuporomoka kwa Bonde la Ufa, na hilo huonekana chini ya nyayo: mwamba mweusi unaochomoza hapa na pale, na juu yake vumbi jekundu lenye kokoto ambazo kiangazi kimezilegeza zikawa kama punje za mahindi sakafuni. Majani nayo yalikuwa yamekauka na kulala upande mmoja. Anayedhani kwamba njia huteleza wakati wa mvua tu hajashuka Ngong mwezi wa Januari.

Hapo ndipo mpira wa soli ulipoanza kulipa deni lake. Wakati wa kupanda, meno ya mbele yalishika ardhi hata nilipokanyaga kwa vidole tu, na wakati wa kushuka, ukingo mkali wa kisigino ulichimba vumbi na kuweka breki pale ambapo wale vijana wa raba walikuwa sasa wakishuka kwa makalio, bila kucheka. Niliteleza mara mbili, zote kwenye majani makavu. Shingo ya kiatu iliniokoa mara moja waziwazi, nilipokanyaga jiwe lililobiringika na mguu ukapinda kuelekea nje. Ngozi ilikaza, kifundo kikarudi mahali pake, nami nikasimama kidogo nikitazama upande wa magharibi, ambako ukingo unatumbukia bondeni na milima ya Longonot na Suswa ilionekana kama imechorwa kwa makaa kwenye ukungu wa joto.

Kutembea peke yako kuna faida moja ambayo mkaguzi wa viatu hataipata katika kundi: unasikia kila kitu. Kuanzia kilele cha tatu kiatu cha kushoto kilianza kulia, mlio mdogo kama wa mlango wa kabati, kwenye kila hatua ya kupanda. Kama ningekuwa na mwenzangu wa kuongea naye, nisingeusikia. Nilikaa chini, nikakivua, nikachunguza, nikagundua kwamba ni ulimi wa ngozi uliokuwa ukisugua kulabu ya chuma, wala si soli. Tone la mafuta ya kujipaka lilimaliza shauri.

Kasoro kubwa ya viatu hivi ni joto. Utando wa kuzuia maji uliundwa kwa ajili ya nchi ambazo mtembeaji hulowa kutoka nje. Juani, katika upepo mkavu wa Januari, nililowa kutoka ndani. Nilipokaa kula viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, nilivua soksi nikazikamua, na maji yalitoka. Ngozi ya nyayo ilikuwa nyeupe na laini, hali ambayo ndiyo mama wa malengelenge. Nilikuwa na jozi ya pili ya soksi za sufu mfukoni, nikabadilisha na kuzianika za kwanza juu ya mfuko, na nadhani kitendo hicho kimoja ndicho kilichonifikisha mwisho bila lengelenge hata moja. Kwa Nairobi na viunga vyake, isipokuwa katika majira ya masika, ningechagua kiatu kisicho na utando kama ningepata cha kuchagua; lakini mtumba haukupi orodha, hukupa kilichopo.

Nikiwa bado miguu wazi alipita mzee wa Kimaasai na mbuzi wake wapatao ishirini. Nilimwamkia kwa lugha yake, "Supa," naye akaitikia "Ipa" na kuvitazama viatu vyangu vilivyokuwa vikipunga hewa kando. Miguuni mwake alikuwa na akala, zile ndara za matairi ya gari, pengine zenye umri wa kuzidi mwaka mzima. Aliuliza bei ya vyangu, nikamtajia, akatikisa kichwa na kuendelea kuteremka mahali ambapo mimi ningehitaji mikono miwili. Sikujifunza kwamba viatu havina maana. Nyayo zake zimezoea mwamba tangu utotoni, na zangu zimezoea kiti cha ofisi. Hata hivyo, tathmini ya kiatu cha kutembelea Ngong isiyomtaja mtu wa akala ingekuwa na pengo, hasa kwa kuwa akala hazina povu la kuoza, haziingii joto na fundi yeyote huzitengeneza.

Mteremko wa mwisho kuelekea Kona Baridi ndio ulionifunulia kosa ambalo ni langu mwenyewe. Kiatu kimeandikwa namba 8 ya Uingereza, ambayo ni sawa na 42 tunayoizoea, na mimi huvaa 42. Sokoni nilivijaribu nikiwa na soksi nyembamba za kazini, asubuhi, kabla miguu haijavimba. Kwa mtembeo wa siku nzima mguu huvimba, soksi za sufu huongeza unene, na mteremko husukuma kila kitu mbele. Kidole gumba changu cha kulia kiligonga pua ya kiatu kwa muda wa nusu saa na zaidi, mpaka nikasimama, nikafungua kamba, nikarudisha kisigino nyuma na kufunga upya nikikaza fundo maradufu pale kifundo kinapopindia, ili mguu usiteleze. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Ukucha umekuwa mweusi tangu siku hiyo. Anayenunua na abebe soksi zake nene sokoni, aende jioni kama anaweza, asimame na kupiga pua ya kiatu ardhini mara tatu. Kidole kikigusa mbele, achukue namba inayofuata hata kama muuzaji anaapa kwamba ngozi itanyooka. Ngozi hunyooka upande kwa upande. Haiongezeki urefu.

Kona Baridi siku hiyo ilikuwa na joto la kukausha nguo dakika kumi. Nilipata gari la kwenda Kiserian, kisha matatu ya 126 ya kurudi mjini, na ndani ya matatu hiyo, nikiwa nimeketi nyuma kabisa, nilifanya ukaguzi wa mwisho. Povu lilirudi kila nilipolibonyeza. Hakukuwa na ufa. Gundi ilikuwa imeachia kidogo puani mwa kiatu cha kulia, kiasi cha kuingiza ukucha, lakini mshono wa fundi ulikuwa umezuia isiendelee. Bila mshono huo naamini ningekuwa nikisimulia jambo lingine. Uzi wenyewe ulikuwa umesagika kwenye kisigino cha kushoto, mahali ambapo mpira ulikuwa umelika tangu mwanzo na mfereji haukuwa na kina cha kutosha kuuficha.

Kwa shilingi 3,250 kwa jumla, nimepata kiatu kinachoshika ardhi vizuri sana, kinacholinda kifundo, kinachounguza mguu wakati wa kiangazi na ambacho kwangu ni kidogo kwa nusu namba. Ningekinunua tena kwa bei hiyo kama kingekuwa 43. Kwa shilingi 4,500 alizotaka muuzaji mwanzoni, hapana. Sitakivaa kwa safari ya siku mbili mbali na barabara, kwa sababu umri wa povu lake bado siujui, na afya ya leo si ahadi ya mwezi wa Agosti. Kwa mtu anayeanza, anayetaka kujua kama atapenda kutembea vilimani kabla ya kutumia mshahara mzima, ni ununuzi wa busara mradi kidole gumba chake kiwe na subira sokoni na asiruke kibanda cha fundi.

Jumatatu nilivirudisha kwa mzee. Alipitisha kidole kwenye uzi uliosagika, akauliza nilikuwa nimeenda wapi, na nilipomwambia akaguna kana kwamba nilikuwa nimevipeleka vitani. Atauchimba mfereji upya kwenye kisigino na kuzungusha mshono wa pili puani, kwa shilingi 150. Amesema nivifuate Alhamisi, nami nitapita Jumamosi.